Kulipwa Ung'oe Nyasi: Ruzuku, Msamaha na Nafuu ya Kodi

Wanafunzi wetu wa tafsiri wanapokutana na habari za kodi katika matini za kigeni, aghalabu huzitia zote katika kapu moja na kuandika "msamaha wa kodi". Katika makala haya tunapenda kuonyesha kwamba kapu hilo lina vitu vitatu tofauti, na kwamba anayevichanganya anaweza kumtia hasara msomaji wake. Mfano tuliouchagua unatoka magharibi ya Marekani, ambako mwenye nyumba hulipwa ili ang'oe nyasi za uani na kupanda mimea isiyohitaji maji mengi.

Kwa nini nyasi?

Hapa Uganda nyasi za uani hunyeshewa na mvua, na kazi yetu ni kuzifyeka tu. Mambo ni tofauti Las Vegas, katika jimbo la Nevada. Mji huo umo jangwani na hupata mvua ya takribani milimita 100 kwa mwaka. Karibu asilimia 90 ya maji yake hutoka mto Colorado, kupitia ziwa Mead lililo nyuma ya bwawa la Hoover. Mto huo unagawanywa baina ya majimbo saba na nchi ya Meksiko, na fungu la Nevada ni dogo kuliko ya majimbo mengine yote.

Maji yanayotumika ndani ya nyumba za Las Vegas, yaani ya kuogea, kupikia na chooni, husafishwa na sehemu kubwa hurudishwa ziwani. Maji yanayomwagiwa nyasi hayarudi. Hupotea hewani na ardhini. Ndiyo maana mamlaka ya maji ya huko ilizigeukia nyasi kabla ya kugeukia bomba la jikoni. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mita moja ya mraba ya nyasi ilitumia karibu lita 3,000 za maji kwa mwaka, ilhali eneo kama hilo lenye mimea ya jangwani lilitumia karibu lita 700.

Kitu cha kwanza: ruzuku

Mpango wa Las Vegas, ulioanza mwaka 1999, si msamaha wa kodi hata kidogo. Ni ruzuku: fedha taslimu anazopewa mwenye nyumba kwa kufanya jambo lenye faida kwa umma. Kiwango kimebadilika mara kadhaa. Mwaka 2018 kilipandishwa hadi dola 3 kwa futi moja ya mraba. Masharti yapo. Uwanja hukaguliwa kabla nyasi hazijang'olewa, umwagiliaji uwe wa matone, ardhi ifunikwe matandazo, na mimea ikikomaa ifunike angalau nusu ya eneo. Anayeng'oa kwanza na kuomba baadaye hukosa.

Kitu cha pili: msamaha

Hapa ndipo kodi inapoingia, na inaingia kwa mlango wa nyuma. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 ilisamehe kodi ya mapato kwa ruzuku ambazo mashirika ya huduma huwapa wateja wao ili wapunguze matumizi ya nishati. Maji hayakutajwa. Kwa sababu hiyo ruzuku ya nyasi imekuwa ikihesabiwa kuwa pato la mwenye nyumba, na miswada ya kuiingiza katika msamaha huo imepelekwa bungeni zaidi ya mara moja.

Tuchukue mfano. Mwenye nyumba anang'oa futi za mraba 1,000, sawa na mita za mraba 93 hivi, na kupewa dola 3,000. Iwapo nyongeza hiyo ya pato inatozwa asilimia 22, dola 660 zinakwenda serikalini na zinabaki 2,340. Mkono mmoja umetoa, mwingine umetwaa. Nevada haina kodi ya mapato ya jimbo, hivyo dai ni la serikali kuu peke yake. California inayo, na mwaka 2014, wakati wa ukame mkali, ilipitisha sheria ya kutotoza kodi ya jimbo kwa ruzuku za kuondoa nyasi. Huo ndio msamaha: fedha umepata, ila hazitozwi.

Kitu cha tatu: nafuu

Nafuu ya kodi ni kupunguziwa kile unachodaiwa. Arizona katika miaka ya 2000 ilimruhusu mwenye nyumba aliyejenga mfumo wa kumwagilia bustani kwa maji yaliyokwisha kuogea au kufulia akate sehemu ya gharama hiyo katika kodi yake. Asiyedaiwa kodi hafaidiki sana na nafuu ya namna hii, bali ruzuku humfikia hata yeye.

Tafsiri yake

Neno "kodi" lenyewe lina mtego. Tanzania hutumika kwa malipo ya serikali na pia kwa pango la nyumba. Kenya wengi husema "ushuru" kwa malipo ya serikali, na "kodi" huwapeleka moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Wanafunzi wetu husoma vitabu vya pande zote mbili, kwa hiyo tunashauri waandike "kodi ya mapato" au "kodi ya mauzo" kwa ukamilifu.

Bustani hizo nazo zilibuniwa jina huko Denver mwaka 1981, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "kavu". "Bustani kame" ingekuwa tafsiri mbaya, kwani humfanya msomaji aone ardhi iliyokufa, na bustani hizo zina miti na maua. Sisi tunapendekeza "bustani ya kubana maji", kwa kuwa "kubana matumizi" kumekwisha kuzoeleka.

Ruzuku imefanya kazi kubwa, lakini haikutosha. Mwaka 2021 Nevada ilitunga sheria inayokataza, kuanzia mwaka 2027, kutumia maji ya mto Colorado kumwagilia nyasi za pambo tu, kama zile za kandokando ya barabara na mbele ya maofisi. Nyumba za familia moja moja hazimo katika katazo hilo.

Maswali ya darasani

1. Eleza kwa sentensi mbili tofauti ya ruzuku, msamaha na nafuu ya kodi.
2. Andika tangazo la maneno 60 kumweleza mwenye nyumba kwamba ruzuku atakayopewa inaweza kutozwa kodi. Usitumie neno "msamaha".
3. Je, ni haki asiyekuwa na uwanja alipe bili ya maji inayomlipa jirani yake ang'oe nyasi? Jadili.