Mbwa anayepelekwa kupasuliwa asilale ameshiba

MWENYE mbwa akiambiwa na daktari wa mifugo amlete mnyama wake kesho asubuhi afungwe kizazi au ahasiwe, huwaza kwanza gharama, kisha kamba ya kumfungia. Chakula hakimjii akilini. Kumbe sufuria moja ya makombo yaweza kumuua mbwa huyo mezani, hata kama daktari ni hodari namna gani.

Sababu yake ni hii. Mnyama anapodungwa dawa ya usingizi, yaani nusukaputi, misuli ya koo hulegea. Tumbo likiwa limejaa, chakula hupanda na kuingia katika njia ya hewa, naye hana nguvu ya kukohoa. Huenda akakosa pumzi hapo hapo, au akapona upasuaji na kushikwa na nimonia siku chache baadaye.

Ndiyo maana madaktari wengi hutaka mbwa mzima akae bila chakula kwa muda wa saa 6 hadi 12 kabla ya upasuaji. Maji huruhusiwa kwa kawaida mpaka asubuhi. Watoto wa mbwa na wa paka hawafungishwi muda mrefu hivyo, kwa maana sukari katika damu yao hushuka upesi. Sungura naye hatapiki, hivyo hanyimwi chakula kabisa. Muulize daktari saa kamili za mnyama wako.

Anayejilisha mwenyewe

Katika mji wa ziwani kama Homa Bay, kutompa mbwa chakula si sawa na mbwa kukaa bila kula. Mbwa wetu wengi hufunguliwa usiku. Anayenyimwa ugali nyumbani atapita sokoni, aokote vichwa vya samaki na mabaki ya mgongo wazi, au aguse omena iliyoanikwa. Asubuhi unampeleka kwa daktari ukiapa kwamba hajala kitu tangu jana.

Basi mfungie tangu jioni katika chumba au banda, na uondoe kila kinacholiwa. Waambie watu wote wa nyumbani, hasa watoto, pamoja na mlinzi na jirani aliyezoea kumtupia mifupa. Na ikiwa amekula, sema ukweli. Kuahirisha upasuaji kwa siku moja ni hasara ndogo kuliko kumzika mbwa.

Kupe na minyoo

Matayarisho hayaanzi usiku wa mwisho. Mpeleke akapimwe wiki mbili tatu mapema. Kupe wa mbwa huambukiza maradhi yanayopunguza chembe zinazogandisha damu. Mbwa mwenye ugonjwa huo aweza kuonekana mzima, lakini akikatwa, damu isikome. Minyoo nayo humnyonya damu mpaka akawa hana akiba ya kupoteza. Inua mdomo wake utazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, kuna shida. Daktari anaweza kumpima damu na kumtibu kwanza.

Mweleze pia daktari kama jike yuko kwenye joto, kwani wakati huo damu huwa nyingi katika kizazi. Kama huenda ana mimba, ambayo kwa mbwa huchukua siku 63 hivi. Kama amewahi kupatwa na kifafa. Na dawa zote alizomeza. Usimpe dawa za binadamu za maumivu. Tembe moja tu ya paracetamol yaweza kumuua paka.

Mwogeshe siku iliyotangulia, maana baada ya upasuaji kidonda hakitakiwi kuloa. Asubuhi mtembeze akojoe. Mpeleke akiwa na kamba imara, na paka ndani ya kikapu chenye kupitisha hewa. Lazima apimwe uzito, kwa kuwa dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo. Acha nambari ya simu utakayopokea.

Hakikisha anayepasua ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kumhasi mbwa kwa wembe bila dawa ya usingizi ni ukatili, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360.

Akirudi nyumbani

Mlaze ndani, mahali pakavu penye joto, mbali na ngazi na mbwa wengine. Mpe maji kidogo, kisha chakula kidogo akishachangamka vizuri. Asilambe kidonda, omba kola ya kumzuia. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na muda huo asikimbie. Dume aliyehasiwa aweza bado kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa, basi usimwachilie mapema.

Ukiona damu inayotiririka, uvimbe unaokua, usaha, kutapika kusikokoma au ufizi mweupe, usingoje kesho. Mrudishe kwa daktari.

Taabu hii yote haimfai mbwa peke yake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana, mgonjwa ni nadra sana kupona. Mpango wa Kenya ulioanza 2014 unalenga kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Watoto wa mbwa wasiotakiwa wakizidi kuzaliwa na kutupwa mitaani, lengo hilo huponyoka kila mwaka.

Kwa hiyo ukishapanga siku na daktari, uliza pia chanjo. Na jioni ile, funga mlango wa banda mapema.