Mtoto akiuliza: "Yule ni wa kabila gani?"

Mzozo wa udongo kati ya Wambole na Walengola, ulioanza Februari 2023 huko Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, ulifukuza familia nyingi, na wengi wakakimbilia Kisangani mjini. Watoto wanasikia majina ya makabila hayo, na wanauliza.

Mzazi akinyamaza, mtoto atafundishwa na barabara, kwa matusi. Heri kumwambia ukweli: wakubwa waligombania udongo, lakini mwenzako wa darasa hakuchoma nyumba ya mtu. Katiba ya 2006, kifungu cha 66, inadai kila Mkongomani amheshimu mwenzake bila ubaguzi. Na sisi wakubwa tuchunge midomo: yanayosemwa nyumbani wakati wa kula, kesho mtoto anayarudilia masomoni.