Land Cruiser ya zamani: Injini ipi ya silinda sita ifungwe?

INJINI inapofika mwisho wa maisha yake katika Land Cruiser ya miaka ya 1970 au 1980, mara nyingi chasi, giaboksi na difu bado ni nzima. Mmiliki hujikuta njia panda: afufue injini ile ile au anunue nyingine?

Kwa mkazi wa Majengo mjini Dodoma uamuzi huo ni mzito. Soko kubwa la injini zilizotumika liko Dar es Salaam, takriban kilomita 450 kutoka hapo, na injini ikishabebwa na kufunguliwa si rahisi kuirudisha kwa muuzaji. Fedha ikimalizika katikati ya kazi, gari hubaki juu ya mawe.

Toyota ilizipa Land Cruiser kubwa za wakati huo injini za silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja. Katika mpangilio huo mwendo wa pistoni hujisawazisha wenyewe, hivyo injini hutulia na kuvuta vizuri hata ikizunguka polepole. Ubaya wake ni urefu: nafasi kati ya feni na rejeta huwa finyu.

Kundi la kwanza ni la petroli. Lina injini ya F yenye ujazo wa cc 3,878; 2F ya cc 4,230, iliyoanza mwaka 1975; na 3F ya cc 3,955 iliyofuata katika miaka ya 1980.

Kundi la pili ni la dizeli: H ya cc 3,576, iliyoanza mwaka 1972, 2H ya cc 3,980, iliyoingia mwaka 1980, na 12H-T yenye tabo, iliyotoka mwaka 1985.

La tatu ni kizazi kilichoanza mwaka 1990, kikiwa na 1HZ ya cc 4,164 isiyo na tabo pamoja na ndugu yake mwenye tabo, 1HD-T. Injini ya 1HZ ndiyo inayofahamika zaidi nchini, kwani imefungwa katika Land Cruiser nyingi za aina ambayo Watanzania huiita “mkonga”.

Njia nyepesi kuliko zote ni kubaki ndani ya kundi moja. Mwenye FJ40 yenye injini ya F anaweza kufunga 2F bila kubadili mfumo wa mafuta wala breki. Vivyo hivyo, mwenye HJ45 yenye injini ya H anaweza kupanda hadi 2H. Katika injini hizi za dizeli, shafti ya valvu huzungushwa kwa gia za chuma, hivyo hakuna mkanda wa taiming wa kukatika.

Tatizo ni umri. Uzalishaji wa 2H ulikoma karibu na mwaka 1990, hivyo hata “injini mpya” itakayopatikana inaweza kuwa imechoka kama ile inayotolewa. Kama bloku haijapasuka na krenki bado inachongeka, kuifanyia ovahali injini ya awali kunaweza kuwa na busara zaidi kuliko kununua ya mtumba isiyojulikana historia yake.

Hapo ndipo wengi huitazama 1HZ. Hutoa nguvu za farasi zipatazo 130, wakati 2H hutoa zaidi kidogo ya 100. Vipuri vyake navyo hupatikana kwa urahisi zaidi. Aidha, “mkonga” wa mwanzo wenye 1HZ ulitumia giaboksi ya H55F, ambayo pia ilifungwa katika Land Cruiser za miaka ya 1980. Kwa hiyo mwenye H55F anahitaji kupata kifuniko kinachounganisha injini na giaboksi, cha gari hilo, badala ya kuchonga kipya.

Hata hivyo, 1HZ ina masharti yake. Shafti yake ya valvu hutegemea mkanda wa taiming, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni na valvu zinaweza kugongana. Asiyejua mkanda ulibadilishwa lini aubadilishe kabla injini haijaingia kwenye gari, wakati bado ni rahisi kuufikia.

Kwa anayehama kutoka petroli kwenda dizeli, gharama haiishii kwenye injini. Tangi lisafishwe, bomba la kurudisha mafuta liwekwe, na chujio la kutenganisha maji lifungwe. Betri na stata zilingane, kwa kuwa baadhi ya injini za dizeli kutoka Japani hutumia volti 24.

Jambo linalosahaulika zaidi ni breki. Breki zenye buta hupata mvuto wa hewa kutoka kwenye injini ya petroli yenyewe, lakini injini ya dizeli huhitaji pampu maalumu ya vakyumu. Injini ikifungwa bila pampu hiyo, gari litawaka na kuondoka vizuri, lakini pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe.

Mazingira ya Dodoma nayo yana neno. Mji uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho, na dizeli huweza kutoa moshi mweusi pampu isiporekebishwa.

Upungufu huo huwashawishi baadhi ya wamiliki kuongeza tabo kwenye 1HZ. Injini hiyo haikuundwa kwa tabo. Joto likizidi katika vyumba vyake vya awali vya kuchomea mafuta, silinda hedi huweza kupasuka. Anayehitaji nguvu hiyo ni afadhali atafute 1HD-T, iliyoundwa na tabo yake tangu kiwandani, akijua kuwa matoleo yake ya mwanzo yalijulikana kwa kuchakaza beringi za koni, ambazo hukaguliwa kabla ya kufungwa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi apime mgandamizo wa silinda zote sita. Kinachotafutwa ni usawa: silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, ringi, valvu au gasketi ina kasoro. Mafuta yenye rangi ya maziwa ni dalili kuwa maji yameingia. Kutu ndani ya njia za maji huashiria injini iliyotumia maji ya bomba bila dawa, nayo itachemsha katika joto la Oktoba.

Mwisho ni karatasi. Kadi ya gari huonyesha namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta, hivyo mabadiliko yapelekwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) pamoja na ushahidi wa ununuzi. Hakuna faida ya kuficha injini kubwa, kwa kuwa ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikipangwa kwa ujazo wa injini, ilifutwa mwaka wa fedha 2017/18. Namba isiyolingana na kadi huleta usumbufu kwenye ukaguzi, bima na siku ya kuuza gari.

Kwa ufupi, injini bora kwa gari la zamani ni ile ambayo giaboksi, rejeta na breki zake zinaweza kuipokea, na ambayo mafundi wa mjini wanaifahamu. Mmiliki aorodheshe kwanza vifaa vyote vya kuifunga na bei zake, ndipo aulize bei ya injini.