Kiungo cha Wazima-moto

Walimu wenzangu mkatwao mchango wa SACCO kila mwezi mtanielewa upesi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 kuhusu vyama vya akiba na mikopo iliwataka wanachama wawe na kiungo kimoja, kama vile kazi au mtaa. Sisi wanaisimu hupenda kuyadadisi maneno ya namna hii, lakini kwa wazima-moto hili halikuhitaji ufafanuzi: aliyeidhinisha mkopo na aliyeuomba huenda waliwahi kushika mpira mmoja wa maji.

Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ilishikilia kiungo hicho. Miezi michache baadaye Bunge likailegeza sheria, vyama vikubwa vikaruhusiwa kukusanya makundi ya kila aina. Vyama vilivyokaribia 12,000 katikati ya miaka ya 1990 sasa havifiki 5,000. Vingi vimeunganishwa na vikubwa. Chama kidogo chenye makarani wawili kitalipiaje kompyuta na ulinzi dhidi ya wezi wa mitandaoni?

Akiba yenyewe haipotei, nakiri. Bima ya serikali huilinda hadi dola 250,000. Ninalosikitikia ni jingine. Mzima-moto atokaye zamu ya saa 24 sasa humweleza kazi yake karani asiyemjua, ambaye macho yake hayabanduki kwenye tarakimu.