Pikipiki ilikuwa inazima njiani, nikamshuku mwanangu

Kwa wiki tatu mwanangu alirudi nyumbani na hesabu pungufu, na kila siku sababu ilikuwa ileile: “Mama, pikipiki imezima njiani, fyuzi imeungua.” Sikumwamini. Asubuhi ilikuwa inawaka kwa kiki moja, taa zinawaka, honi inalia. Tuliipeleka kwa fundi hapa Mbinga mjini, akaijaribu mara kadhaa, akasema labda ni betri. Tukanunua mpya. Siku ya pili ikazima tena.

Mzazi mwenzangu, nikuambie ukweli: nilishaanza kuulizia kijana mwingine wa kumkabidhi ufunguo.

Pikipiki hiyo ya cc 125 aliiacha marehemu baba yake, na ndiyo inayonunua sare na madaftari ya wadogo zake. Kazi yake ni kushusha mahindi na maharage hadi Mbamba Bay, mwambao wa Ziwa Nyasa, kisha kupandisha dagaa. Barabara ni ya lami, kama kilomita 66, ila ina miteremko mirefu na kona kali. Huko ndiko ilikokuwa ikizima, na taa pamoja nayo, kijana akiwa na magunia nyuma. Kuna jioni alisimama gizani kwenye kona, mzigo ukahamishiwa kwa mwenzake na nauli ikaenda huko. Mimi nikamwambia anakula pesa.

“Mliipima ikiwa na mzigo?”

Kaka yangu ni mvuvi Mbamba Bay, na ujanani alitengeneza redio. Mpwa wake alipomweleza, hakugusa kitu. Aliuliza kwanza: inazima wakati gani?

“Nikishuka mlima, mjomba. Nikikanyaga breki.”

“Ukipanda na dagaa?”

“Haizimi. Sishiki breki sana.”

“Ikiwa tupu?”

“Haijawahi.”

“Na kwa fundi mliipima ikiwa na mzigo?”

Hapana. Iliegeshwa kwa stendi, tupu.

Mjomba alichukua balbu ya indiketa, akaiunga nyaya mbili, akaiweka mahali pa fyuzi. Akafungua swichi bila kuwasha injini. Breki ilipokanyagwa, balbu iliwaka hafifu, maana umeme ulikuwa unapita pia kwenye taa ya breki. Hiyo ni kawaida. Kisha akawakalisha vijana wawili kwenye keria. Breki ilipokanyagwa tena, balbu iliwaka kwa nguvu zote. Hapo umeme ulikuwa umepata njia ya mkato kwenye chuma. Shoti.

Walipofungua siti, waliona waya wa taa ya breki umebanwa kati ya madigadi na chuma cha keria, ganda limelika. Mzigo ukikandamiza, shaba inagusa chuma. Mzigo ukitoka, inaachia. Walichomoa betri, wakafunga waya kwa tepu nyeusi ya umeme na kuupitisha mbali na chuma. Gharama ilikuwa tepu tu.

Mambo ya kukumbuka kwa pikipiki ya zamani

Uliza inazima wakati gani. Kwenye mvua? Ukikata kona? Ikipata moto? Ikizima ukikata usukani, kagua nyaya za shingoni, kwani hukunjwa kila siku. Ikisumbua mvua ikinyesha, fungua soketi, futa maji na kutu.

Anza na betri, ila ipime kabla ya kununua. Ikiwa imetulia, betri nzima ya volti 12 husoma kama 12.6; ikishuka chini ya 12.2 inahitaji chaji. Washa injini, ongeza mafuta kidogo: mita ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, tatizo liko kwenye kuchaji, yaani magineti, rektifaya au nyaya zake, na betri mpya nayo itakufa. Ikipita 15, shuku rektifaya, maana itaunguza balbu na kuchemsha betri.

Kwarua vichwa vya betri na sehemu waya wa asi unapofungwa kwenye fremu. Kutu na rangi huzuia umeme. Ukibonyeza stata ikalia “ta ta ta” bila kuzungusha injini, mara nyingi ni betri dhaifu au vichwa vilivyolegea.

Usiruhusu fyuzi ya waya au karatasi ya sigara. Wenzake kijiweni walimshauri mwanangu afanye hivyo. Fyuzi imewekwa iungue kabla waya haujashika moto, na nyaya nyingi za pikipiki hupita chini ya tenki la petroli. Weka yenye ampea zilezile zilizoandikwa. Ikiungua tena, usiongeze ukubwa, tafuta shoti.

Kama hujui umeme, mpe fundi majibu ya maswali haya, na kama tatizo huja na mzigo, nenda nayo ikiwa na mzigo.

Ile betri mpya bado ipo, na hesabu imerudi kama zamani. Nilikuwa nimemsema mwanangu mbele ya wadogo zake. Basi jioni aliyorudi kutoka Mbamba Bay, niliwaita wote wakae, nikamwomba msamaha mbele yao.