Sikukuu Chang'ombe: Anayechelewa na mzigo hulia Januari

Wiki moja kabla ya Krismasi au Idi, nyumba nyingi za Chang'ombe, wilayani Temeke, huwa na kazi mbili kwa mpigo. Uani kunapimwa mchele na kusuguliwa sufuria kubwa ya kuazima. Barazani kuna ngazi, ndoo ya rangi na makochi yaliyotolewa nje kupigwa vumbi. Ndugu watakuja kutoka Mbagala, Gongo la Mboto na hata Kibaha, na hakuna mama anayetaka wageni wakute ukuta umebabuka au pilau haitoshi.

Kwa mkulima wa Mbarali au Kilosa, na kwa mwenye genge pale Maduka Mawili, hizo ni siku za kuvuna fedha. Tatizo ni kwamba ni siku chache mno. Kuku anayefika sokoni Desemba 23 hugombewa. Yule yule akifika Desemba 27 hukuta mifuko ya wateja imekauka, huku akiendelea kula chakula cha mfugaji. Kwa hiyo hesabu ya sikukuu haianzii jikoni, bali shambani na bandani, miezi kadhaa kabla.

Kinachoingia sufuriani

Chukua mfano wa nyumba inayotarajia watu 20. Mpishi mzoefu hupima kilo tatu hadi nne za mchele, na nyama kilo mbili au tatu kulingana na uwezo. Hapo hufuata vitunguu maji, vitunguu saumu, tangawizi, viazi mviringo, mafuta na viungo: binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Pembeni kuna kachumbari, ndizi mbivu au tikiti maji. Asubuhi ya Idi huanza kwa tambi na maandazi. Ya Krismasi, kwa nyumba nyingi, kwa chapati na supu.

Orodha hiyo inagusa karibu kila kona ya nchi. Mchele hutoka Mbeya, Morogoro na Shinyanga, viazi Njombe na Mbeya, vitunguu Singida na Mang'ola, nyanya Ilula mkoani Iringa, na karafuu Zanzibar. Vyote hupitia masoko kama Kariakoo, Buguruni, Tandika na Temeke Stereo kabla ya kufika gengeni. Ng'ombe nao hupitia mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti.

Mpishi wa pilau hanunui mchele kwa macho tu. Huuliza kama ni mpya au wa zamani, kwa sababu mchele mpya hushikana, wakati uliokaa miezi kadhaa hunywa maji vizuri na punje zake huachana. Mkulima aliyevuna Mei au Juni, akaukausha mpunga sawasawa na kuuhifadhi mahali pakavu, huwa na mali inayotafutwa Desemba. Lakini auchambue, kwani mchele wenye chenga nyingi hugeuka bokoboko, na mteja aliyeaibika mbele ya wageni harudi.

Mwenye genge naye ana nafasi yake. Mnunuzi wa kilo moja ya mchele hahitaji robo kilo ya iliki. Pakiti ndogo yenye viungo vyote vya pilau, vilivyopimwa kwa kilo moja au mbili za mchele, humrahisishia mteja na kumwachia muuzaji faida kuliko kuuza kila kiungo peke yake.

Kuku huhesabiwa kwa wiki

Kuku wa nyama wa kisasa huuzwa akiwa na umri wa wiki nne hadi sita. Anayelenga Krismasi anapaswa kuingiza vifaranga kati ya Novemba 10 na 18. Banda lisafishwe, linyunyiziwe dawa na kupumzishwa takriban wiki mbili kabla, na vifaranga viagizwe mapema zaidi, maana wafugaji wengi hupiga hesabu hiyo hiyo. Chanjo za kideri na gumboro zisirukwe. Aidha, kuku aliyepitisha wiki sita hula sana huku faida ikipungua, hivyo ni vizuri mfugaji akubaliane na wanunuzi kabla kuku hawajakomaa.

Kuku wa kienyeji huhitaji miezi mitano au zaidi. Adui yake mkubwa ni kideri, ambacho hupiga zaidi miezi ya kiangazi, yaani muda mfupi tu kabla ya soko la Desemba. Wengi hupoteza kundi zima Septemba au Oktoba wakati chanjo ya matone ya jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, ingeliokoa.

Kwa Idi el Haj, inayokuja takriban siku 70 baada ya Idi el Fitri, hesabu ni ya mbuzi, kondoo na ng'ombe wa kuchinja. Mbuzi awe ametimiza mwaka mmoja, ng'ombe miaka miwili. Mnyama kipofu, kiwete au aliyekonda kupita kiasi hafai kwa ibada hiyo hata akiuzwa kwa bei ya kutupa. Mfugaji anayetunza afya ya mifugo yake ndiye anayeuza.

Nyumba nayo hula fedha

Jirani na Chang'ombe ni Keko, eneo linalojulikana jijini kwa mafundi wa samani. Kuelekea sikukuu, kazi za kubadili vitambaa vya makochi na kumalizia vitanda hurundikana. Anayetaka kiti kilichotengenezwa kwa utulivu aagize mwezi mmoja na nusu kabla. Fundi naye asikubali mbao mbichi kwa haraka, kwani zitapinda na kupasuka nyumbani kwa mteja. Wakulima wa miti wa Mufindi na Njombe nao wajue hivyo: mbao iliyokaushwa vizuri ndiyo inayomjengea fundi jina.

Kwa upande wa rangi, Krismasi hukutana na mvua za vuli. Ukuta wenye unyevu hubabuka hata ukipakwa rangi ghali. Utaratibu mzuri ni kuziba paa linalovuja, kuziba nyufa, kuacha ukuta ukauke, ndipo ipakwe rangi. Asiyeweza kununua ndoo ya lita 20 hupaka sebule na baraza tu kwa kopo la lita nne, au hutumia chokaa. Fundi cherehani wa mapazia na muuza mikeka nao hupata riziki siku hizo.

Kalenda mbili

Krismasi haihami, lakini Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2000 Idi el Fitri ilikuja siku chache tu baada ya Krismasi. Mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, na 2025 mwishoni mwa Machi. Kwa mwendo huo, mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na mwaka 2033 Idi na Krismasi zitakaribiana tena. Anayepanda nyanya au tikiti kwa mazoea ya mwaka jana atavuna sikukuu imepita. Atazame kalenda kwanza, ahesabu kurudi nyuma, kisha ndipo apande.

Tahadhari ya mwisho ni ya mikopo. Wafanyabiashara wengi huchukua mzigo kwa mali kauli wakitegemea mauzo ya siku tatu. Mzigo ukibaki, deni hukutana na Januari, mwezi wa sare, madaftari na kodi ya pango. Ni busara kukopa kiasi ambacho nusu yake ikiuzwa deni linalipika, na kuanza na bidhaa zisizooza, kama mchele, viungo na vitambaa. Nyanya na matunda yachukuliwe kidogo kidogo, kwa siku.

Familia nazo zikianza kuweka akiba kupitia vikoba na upatu tangu Julai, zitanunua mchele na rangi bei haijapanda. Wahenga walisema akiba haiozi. Nyanya huoza.