Je, Wajua? Simu ya Kuzungumza na Marehemu

Mjini Otsuchi, Japani, kuna kibanda cha simu ambamo watu huingia kuzungumza na marehemu wao. Simu yenyewe haijaunganishwa popote.

Itaru Sasaki alikiweka bustanini kwake mwaka 2010, akiomboleza kifo cha binamu yake. Kisha, Machi 11, 2011, tetemeko na tsunami vikaua maelfu ya watu kaskazini-mashariki mwa nchi. Otsuchi ilipoteza takriban mkazi mmoja kati ya kila kumi. Sasaki akawafungulia wafiwa kibanda, nao wakamiminika.

Kisa hicho ndicho chimbuko la The Wind Phone (2019), filamu fupi ya Kristen Gerweck. Mwaka 2020, Nobuhiro Suwa alitoa filamu ndefu kuhusu msichana aliyefiwa na familia yake katika tsunami hiyo, anayesafiri kutoka Hiroshima hadi kwenye kibanda hicho.